"Intoxicate" ni kulewa au kula sumu? Kumbe hili neno lilianzia kwenye upinde, njooni tulichimbe

#1 mfasiri_wa_usiku

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatagombezwa.

Kisa chenyewe kiko hivi. Wiki iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri kipeperushi cha wakulima kuhusu usalama wa zile dawa za kupulizia shambani, kurasa nane, hela si mbaya. Ukurasa wa tatu nikakutana na "acute intoxication". Saa saba usiku, umeme ndo kwanza umerudi, macho mekundu, nikaandika "ulevi mkali" nikasonga mbele. Nikatuma. Asubuhi simu inaita, dada wa upande wa pili hata salamu hamna, "kaka hivi wakulima wetu umewaona walevi?" halafu akanisomea kwa sauti maneno yangu mwenyewe: "Mkulima akipatwa na ulevi mkali, avuliwe nguo na kuoshwe kwa maji mengi na sabuni." Nikasikia nyuma yake watu wanacheka mpaka mmoja anapiga meza. Na hiyo "kuoshwe" ya makosa ndo ikawamaliza kabisa.

Nikaomba siku tatu nirekebishe. Lakini badala ya kurekebisha nikaingia kulichimba neno, mnajua ugonjwa wetu sisi watu wa lugha. Niliyoyakuta ni haya.

Mgiriki wa kale upinde aliuita "toxon", na wingi wake "toxa" ulibeba upinde pamoja na mishale yake. Sumu ya kupaka kwenye mishale akaiita "toxikon pharmakon". Sasa tulieni hapa. Hiyo "pharmakon" ndiyo iliyobeba sumu (au dawa, au limbwata, Mgiriki hakutenganisha). "Toxikon" maana yake ni "ya upinde" tu basi. Yaani dawa ya upinde, kama sisi tunavyosema dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya viatu. Watu wakachoka kutamka yote mawili wakakata, wakabaki na "toxikon" peke yake, na kale kaneno kadogo ka upinde kakabeba sumu yote mgongoni.

Chukulia sisi tuanze kufupisha "dawa ya panya" mpaka ibaki "panya". Miaka mia tano baadaye mama anamwambia mtoto "usiguse hiyo chupa ina panya", gazeti linaandika "kijana anusurika baada ya kunywa panya", na mjukuu wako akiambiwa zamani panya alikuwa mnyama anabisha. Ndicho kilichompata toxikon.

Mrumi akalichukua likawa "toxicum". Kilatini cha zama za kati kikatengeneza kitenzi "intoxicare", kumtia mtu sumu. Kiingereza kikalipokea karne ya 15 likawa "intoxicate" na maana ikawa hiyohiyo, kutia sumu, pombe haipo kabisa kwenye picha. Kulewa kumeingia baadaye, mwishoni mwa karne ya 16, na kwa maoni yangu liliingia kama utani wa baa, yaani fulani katiwa sumu jana, muone anavyoyumba. Utani ukazoeleka ukawa ndo maana, ile ya mwanzo ikabaki kwa madaktari na maabara. Kwa hiyo mie sikukosea neno, nilichelewa tu karne moja hivi.

Swali langu kwenu: nyie "intoxication" ya sumu mngeiandikaje kwa Kiswahili ambacho mkulima ataelewa bila kucheka?

#2 chai_ya_rangi

Nimeshaweka mkeka. "Kijana anusurika baada ya kunywa panya" nimecheka peke yangu kwenye daladala watu wananiangalia.

#3 Mwana wa Ganze

Mleta mada umenigusa penyewe. Mimi ni Mgiriama wa Kilifi, hiyo toxikon sisi tunayo na hatukuifuata Ugiriki. Mti unaitwa mutsungu, Waswahili mnauita msunguti au msungu, Wamaasai wanasema olmorijoi. Ukiuona hauna habari, mti mdogo, majani magumu yanang'aa, maua meupe yananukia vizuri kweli halafu vitunda vyekundu vinaiva kuwa zambarau.

Babu yangu aliwahi kuniambia inavyopikwa ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha. Unakatakata magome na mti wenyewe vipande vidogo, unachemsha kwa masaa mengi, unachuja, unaendelea kuchemsha yale maji mpaka yabaki kitu cheusi kizito kama lami ya barabara. Kinapakwa kwenye chembe ya mshale na chini yake kidogo, halafu mshale unaviringishwa ngozi laini nyembamba. Nikamuuliza ngozi ya nini, akasema ya kazi mbili, sumu isikauke ikapoteza nguvu na wewe mwenyewe usijikwaruze ukafa kabla ya swara. Inafunguliwa pale pale unapotaka kutupa mshale.

Na kulikuwa na kipimo. Unajichanja kidogo mkononi damu inatiririka kwenda chini, unagusisha sumu KULE CHINI kwenye ncha ya damu, si kwenye kidonda, halafu unaangalia weusi unavyopanda kufuata mchirizi. Ukipanda mbio sumu ni kali, unaifuta haraka kabla haijafika. Babu alikuwa anasimulia hii huku ameshika mkono wake kama bado unauma.

Wale Waata, ambao wazungu waliwaita Waliangulu, waliokuwa wakiwinda ndovu upande wa Tsavo kwa pinde ngumu balaa, nao walitumia mti huohuo. Ndovu mzima kwa mshale. Na nyama inaliwa, wanakata tu pale penye jeraha wanatupa, maana hiyo sumu ikipita tumboni haina nguvu kama ikiingia kwenye damu.

Hata Kiswahili chenyewe, tafuta kamusi za zamani, "uchungu" mojawapo ya maana zake ni sumu ya mishale. Msungu, mutsungu, uchungu, masikio yako yanakwambia nini?

#4 mfasiri_wa_usiku

@Mwana wa Ganze umenimaliza. Yaani mtu akisema "maneno yake yaliniachia uchungu" sikuwahi kufikiria mshale hata siku moja.

#5 mkaa_forodhani

Naongezea ya kwetu Unguja, maana mzee Kirk hapa tunamjua. John Kirk kabla hajaja kuwa balozi wa Mwingereza Zanzibar (ndiye aliyembana Sultan Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa 1873) alikuwa daktari na mtu wa mimea kwenye safari ya Livingstone ya mto Zambezi, iliyoanza 1858. Huko wakakuta watu wanapaka mishale sumu wanayoiita kombe, inatoka kwenye mbegu za mmea mmoja wa kutambaa. Kirk akakusanya mbegu akatia mfukoni, na mfukoni humo humo ana mswaki wake. Asubuhi anapiga mswaki anasikia uchungu mdomoni, akajishika mapigo ya moyo akakuta yamepungua. Mtu mwingine angepiga kelele kalogwa, yeye akaandika. Mbegu zikapelekwa Edinburgh, Profesa Fraser akazifanyia kazi miaka, ikatoka dawa ya moyo inayoitwa strofanthini, na mmea mpaka leo jina lake la kisayansi ni Strophanthus kombe, neno la watu wenyewe limebaki humo.

Na ule msunguti wa bwana wa Kilifi nao Mfaransa mmoja, Arnaud, mwaka 1888 alitoa humo kitu kinachoitwa ouabain. Hilo jina ni Kisomali, waabaayo, sumu ya mshale. Hizi mbili ni ndugu, zote zinakwenda kwenye moyo. Kidogo sana moyo unapiga kwa nguvu, ukizidisha unapiga ovyo halafu kimya. Kwa hiyo tulipoiita dawa tulikuwa sahihi na tulipoiita sumu tulikuwa sahihi.

#6 sista_wa_zamu

Kwa faida ya wote, toxoplasma jamani! Wajawazito mnaoambiwa kaeni mbali na vinyesi vya paka. Miaka yote nilidhani jina ni kwa sababu yule mdudu ana sumu, baada ya kusoma uzi huu nikaenda kuangalia. HANA SUMU. Nicolle na Manceaux walimkuta Tunis mwaka 1908 kwenye mnyama mdogo kama panya, wakimwangalia kwenye hadubini amepinda kama upinde, wakamwita hivyo. Toxo upinde, plasma umbo. Ni sehemu chache hilo neno limebaki kama Mgiriki alivyoliacha.

Halafu Botox! Bibie analipa pesa achomwe sindano usoni apakwe "upinde". Botulinum toksini, na hiyo botulinum yenyewe inatoka kwenye neno la Kilatini la soseji maana watu walikuwa wanakufa kwa soseji mbovu. Upinde wa soseji. Ntamwambia jirani yangu.

#7 GiftTheBoy255

Mimi naitwa Gift. Mtu akinieleza vizuri kwa nini mwalimu wangu wa Kijerumani siku ya kwanza aliangalia daftari la mahudhurio akakohoa nitashukuru.

#8 mfasiri_wa_usiku

@GiftTheBoy255 pole ndugu hahaha. Kwa Wajerumani Gift ni sumu. Asili ilikuwa hiyohiyo ya kutoa, zawadi, halafu wakaanza kuitumia kwa ustaarabu kumaanisha "kile alichopewa", yaani kipimo cha dawa alichopewa mgonjwa, kwa kufuata Mgiriki ambaye dozi kwake ni kitu kinachotolewa. Taratibu kile alichopewa kikawa ndo kilichomuua. Na Wanorwe kwao gift ni sumu na pia ni kuoa, mtu yuko gift. Hapo sisemi kitu nina mke.

Hata "poison" ya Kiingereza ina historia ya aina hii. Ni "potio" ya Kilatini, kinywaji tu, maji ya kunywa. Ilipitia Ufaransa ikatoka na sumu. Kinywaji, zawadi, upinde. Inaonekana binadamu hapendi kulitaja lenyewe jina, anazungukazunguka.

#9 Papaa Claude

Bandugu, miye ni mtu wa Bukavu lakini sasa niko Amerika, kazi yangu ni kutafsiri ku hospitali, wagonjwa wangu wengi ni Bakongomani. Hii neno mimi naliogopa na nitasema kwa nini.

Kwa Kifaransa "intoxication" haina pombe. Ni sumu. Ukikula chakula mbaya tunasemaka "intoxication alimentaire". Spanish pia vilevile, "intoxicado" ni mtu ambaye kitu alikula ao alikunywa kimemharibu. Sasa kuna kesi moja kila mkalimani wa hospitali huku anafundishwaka siku ya kwanza. Florida, mwaka 1980, kijana wa miaka 18 analetwa hospitali hajitambui. Familia ni Bacuba, wanasema ni "intoxicado", wao wanawaza hamburger alikula haikuiva. Mkalimani hakuna. Daktari anasikia kwa masikio ya Kiingereza: huyu ametumia dawa ya kulevya nyingi. Wakamtibu hivyo siku mbili. Kumbe ni damu inavuja ndani ya kichwa. Alibaki amepooza mikono na miguu. Malipo ilifika karibu dola milioni 71. Neno moja.

Na mama wa Kikongo akikuja akiniambia "mtoto iko na intoxication", mimi sipeleki hiyo neno kwa daktari vile iko. Ninauliza kwanza, mama alikula nini, lini, anatapika? Kisha ndo nasema.

Tena kwetu hiyo neno ina mutoto mwingine, "intox". Ni habari ya uongo ya kuharibu kichwa ya bantu. Vita ikipamba kila mutu kwa simu anasema "hiyo ni intox". Redio inakutilia sumu ku masikio.

#10 buyenzi_daima

@Papaa Claude salamu sana ndugu. Niongeze ya Bujumbura. Kwa Kirundi na Kinyarwanda kumpa mtu sumu ni KUROGA. Sumu ni uburozi. Mwenye kutia watu sumu ni umurozi, na mchawi ni huyohuyo. Ndugu zetu wa Tanzania nyie mmeibakisha kuroga kwenye uchawi peke yake halafu ya chupa mkamwachia Mwarabu, "sumu". Sisi mtu akianguka baada ya kunywa bia ya mtu hatuanzi kubishana ni sumu au uchawi, tunasema karogwa basi, daktari atajua mwenyewe.

#11 Kipanga Mzee

Naona mnapeana maua tu hapa. Mleta mada, nina swali. Nimesoma kwamba toxicum asili yake ni mti unaoitwa "taxus" na siyo upinde. Mbona umetupa nadharia moja kama msahafu?

#12 mfasiri_wa_usiku

@Kipanga Mzee swali zuri. Hiyo imetoka kwa Plinio, Mrumi wa karne ya kwanza. Yeye mwenyewe aliandika kwa tahadhari, kwamba wako wanaosema zile sumu za mishale zinazoitwa toxica zamani ziliitwa taxica kutokana na huo mti. Na mti wenyewe ni wa sumu kweli, tena mbao zake ndizo Waingereza walizitengenezea zile pinde zao ndefu, kwa hiyo unaona jinsi hadithi inavyovutia, mti mmoja sumu na upinde humohumo. Lakini Mgiriki alikuwa na toxon ya upinde karne nyingi kabla ya huyo bwana, na "toxikon" inatokana nayo bila kulazimisha. Toxon yenyewe wengi wanadhani aliiazima kwa wapanda farasi wa nyika za kaskazini, Waskithi, maana Wairani wa kale wana neno linalofanana. Na hao Waskithi ndio Wagiriki waliowaandika kwamba wanaozesha nyoka na damu kwenye chungu wapate cha kupaka mishale. Mtu anayekuuzia upinde anakuuzia na sumu yake, neno linakuja na furushi zima.

Ushahidi mwingine, mwaka 1545 Mwingereza Roger Ascham aliandika kitabu kizima cha kulenga shabaha kwa upinde akakiita "Toxophilus", mpenda upinde. Mpaka leo wana klabu za watu wa namna hiyo na wanaitwa hivyo. Mtu wa leo akisoma harakaharaka anaona mpenda sumu.

Hii "toxic" ya mitandaoni nayo imeingia Kiingereza miaka ya 1660, ikakaa maabara kimya kimya, mara mwaka 2018 Oxford wakaitangaza neno la mwaka, watu walikuwa wanaitafuta kwa kila kitu, hewa, mabosi, mabwana. Na sisi tukaidaka hivyohivyo, "mahusiano toksiki". Binti wa jirani yangu ana miaka 19 ameachana na jamaa amesema "alikuwa toksiki". Bibi yake pale kibarazani akauliza ndo nini, akajibiwa. Bibi akasema, "si useme sumu."

#13 sista_wa_zamu

Jamani na sumukuvu msiisahau. Hiyo ndiyo tafsiri bora kabisa niliyowahi kuona. Aflatoksini, ile ya ukungu kwenye mahindi na karanga. Ilijulikana mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa kwa chakula cha karanga, na 2004 Kenya upande wa Makueni na Kitui watu 125 walikufa kwa mahindi. Mtaalamu akija kijijini akisema aflatoksini watu wanapiga miayo, akisema SUMUKUVU mama anaenda kufungua gunia lake.

#14 mkaa_forodhani

@buyenzi_daima kweli tumechukua kwa Mwarabu, summ. Ila usisahau upepo. Ndugu zangu walioko Muscat wanauita samumu ule upepo wa moto wa jangwani, shina ni lilelile, upepo wa sumu. Ukitoka nje unahisi umefungua oveni.

#15 Mama Korosho

Nimesoma mpaka huku chini nimeshangaa hakuna mtu wa kusini aliyesema hili. Nyie wote mnadhani kulewa ni pombe?

Mimi wa Mtwara, Newala. Kwetu muhogo mchungu usipolowekwa na kuanikwa vizuri ukiupika UNALEWA. Ndivyo tunavyosema, muhogo umemlevya, kalewa muhogo. Mtoto anaumwa kichwa, anatapika, macho yanazunguka, anapepesuka. Hakuna hata tone la pombe. Miaka ya njaa watu wanakosa subira, muhogo unatakiwa ukae siku kadhaa kwenye maji wao wanala kesho yake. Na kwenye chombo ni hivyohivyo, mtu asiyezoea bahari analewa, anatapikia kwenye mtumbwi.

Sasa nisikilize mfasiri. Baba yangu alikuwa na mikorosho kama mia mbili. Msimu wa kupulizia salfa tulikuwa tunamfunga kitambaa usoni, hicho ndo kilikuwa kinga yake, na unga wa njano umemjaa mpaka kwenye kope. Baadaye zikaja dawa za maji za kuua wadudu, kali zaidi, chupa ina fuvu la kichwa. Siku moja alirudi saa nne asubuhi, siyo kawaida yake, akakaa kwenye kizingiti hakuingia ndani. Jasho linamtoka, mate yanamtoka mdomoni, nikamuuliza baba vipi, akasema "dawa imenilevya mwanangu". Hivyo hivyo. Hakusema sumu, hakusema imenidhuru. Mama akamvua shati akaanza kummwagia maji.

Majirani waliopita wakasema mzee kaanza mapema leo.

#16 chai_ya_rangi

Duh.

#17 sista_wa_zamu

Mama Korosho pole sana na asante. Nilikuwa natania kwenye uzi huu lakini sasa niseme la kazini. Alichokuwa nacho baba ndicho kile kipeperushi kinaita acute intoxication. Zile dawa za wadudu za jamii ya ogano-fosfeti zinafanya mate, machozi, jasho, kamasi vyote vifunguke kama bomba, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya pini, misuli inacheza, pumzi inakuwa nzito. Anayumba na maneno yanapindana. Mlango wa mapokezi mtu wa hivyo anaonekana mlevi, na nimeshaona analazwa kwenye benchi ya nje "apoe". Akipoa hapo ndo basi tena. Angalia mboni, angalia mate, nusa nguo. Sindano yake ni atropini, ambayo nayo inatoka kwenye mmea wa sumu, mkaa_forodhani atafurahi.

Na ile ya kumvua nguo na kumuosha kwa sabuni wala si ya kuchekwa. Hiyo dawa inaingia kupitia ngozi.

#18 Kipanga Mzee

Kwa hiyo mfasiri alikuwa sahihi tangu mwanzo?

#19 mfasiri_wa_usiku

Hapana. Nusu.

Nimekaa na post ya Mama Korosho usiku mzima. Nilichoandika mimi ni ULEVI, na ulevi kwa Kiswahili ni tabia, ni mtu na chupa yake, unamlaumu. Baba yake hakusema ana ulevi. Alisema dawa IMENILEVYA, yaani kuna kitu kimemfanya, yeye katendewa. Tunasema kulewa madaraka, kulewa sifa, penzi linalevya, dawa za kulevya, lakini kwenye kulevya kuna mlevyaji daima, na ndiyo ile "intoxicare" ya zamani, kuna mkono umepaka kitu kwenye mshale. Kiingereza kimeshapoteza hiyo nusu kwa watu wa kawaida, wanabaki nayo madaktari tu. Sisi bado tunayo Newala, na mimi niliyelipwa kuijua niliichukua kwenye kamusi ya saa saba usiku.

Kwa hiyo nimeandika hivi: "Mkulima akilevywa na dawa (akitokwa na mate na jasho jingi, kuyumba, mboni za macho kuwa ndogo) huyo amekula sumu, si mlevi. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali haraka na chupa ya dawa ibebwe." Nimempigia dada wa ile ofisi nikamsomea. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia baba yake mkubwa wa Tandahimba naye alikuwa anasema hivyo hivyo, ila yeye shuleni alifundishwa siyo Kiswahili fasaha.

Amekubali. Ameniomba tu nitoe "aoshwe kwa maji mengi" niweke "amwagiwe maji mengi", maana anasema kila akiona kuosha anakumbuka ile ya kwanza anaanza kucheka upya.

#20 GiftTheBoy255

Mimi nimeamua kwa Wajerumani nitajiita Zawadi.